Mtu Akistaafu, Anamdai Nani?

Watoto wa Makadara, swali hili hamtalipata kwenye mtihani, lakini mzee wa reli wa mtaa wa Makongeni, Nairobi, ukimwamsha usiku wa manane atakujibu: mtu akistaafu, anamdai nani?

Nianzie mbali, kisiwani Tasmania. Mwaka 1804 Waingereza walianzisha mji wa Hobart kwa ajili ya wafungwa, na padri wao alikuwa Robert Knopwood. Huyu alilipwa na serikali, kama askari na daktari. Alihubiri, tena akaketi mahakamani kama hakimu. Hebu fikiria: anayekuombea Jumapili ndiye anayekuhukumu Jumatatu! Alipojiuzulu mwaka 1823, akiwa mgonjwa na mwenye madeni, serikali ikampa pensheni. Haikumfaa sana, kwani alikufa maskini mwaka 1838. Lakini mlango wa kubisha aliujua.

Mmisionari wa chama cha Kianglikana cha CMS (Church Missionary Society) aliyekuja Kenya hakuwa na mlango huo. Alitumwa na chama chake kilichokuwa London. Hata angehubiri hapa miaka arobaini, gavana wa kikoloni hakuwa mwajiri wake.

Lakini wafanyakazi wa reli waliokaa Makongeni walimjua vizuri tajiri wao: Shirika la Reli la Afrika Mashariki, mali ya Kenya, Uganda na Tanzania. Basi mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoziunganisha nchi hizo, ikavunjika. Tajiri akafa, wafanyakazi wake wakabaki hai! Mabehewa unaweza kuyahesabu ukayagawa. Je, miaka ya dereva aliyeanzia kazi Tabora, akahamishiwa Nairobi, akamalizia Kampala, utaigawaje? Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika na hesabu hizo mpaka mkataba ukatiwa saini Arusha mwaka 1984. Kila nchi ikakubali kuwalipa raia wake. Kukubali ni rahisi. Wazee wa Tanzania waliendelea kudai kwa miaka mingi baadaye, mahakamani na hata barabarani Dar es Salaam, na mimi siwalaumu.

Kwetu Kenya, reli ilikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006. Hapo ukaundwa mfuko wa wastaafu wa reli, ukapewa ardhi na nyumba kuukuu za shirika, Makongeni ikiwemo. Fedha za kuwalipa wazee zikatarajiwa kutoka kwenye mali hiyo, pamoja na kodi ya nyumba hizo.

Sasa oneni fundo lilipo. Mpangaji anataka kodi ibaki chini, maana mshahara wake ni mdogo. Mstaafu anataka ipande, maana pensheni yake imechelewa. Mfuko ukitaka kuuza kiwanja, mpangaji anauliza atahamia wapi, na mstaafu anauliza atalipwa lini. Wote wawili wana haki ya kuuliza, na huenda ni babu na mjukuu wanaokula sahani moja.