Lenzi ya Pembe Pana: Ipimwe kwa Chumba, si kwa Uwanda

Miongoni mwa jamaa zetu wa Mwambao waliohamia bara wamo waliofanya makao pande za Laiser Hill na Kitengela, katika kaunti ya Kajiado. Binti mmoja wa huko, mwenye kamera ya SLR ya Canon na lenzi yake ya awali ya milimita 18 hadi 55, ameanza kuitwa kupiga picha shughuli za akina mama, ambao hawaridhii mpiga picha wa kiume aingie kwenye kupamba. Ameweka akiba, anataka lenzi ya pembe pana, na ametuuliza anunue ipi. Tumeona jawabu liwafae na wengine, maana akiba ya binti si fedha ya kuchezea.

Tulimrejeshea swali: ya kupigia nini? Akasema ni ya harusi, na pia ya uwanda, ili Vilima vya Ngong vijae picha. Hapa wengi hukosea. Lenzi ya pembe pana haileti cha mbali karibu. Hukisukuma mbali zaidi. Kwa milimita 10, vilima vile, ambavyo kilele chake chapita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, vitaonekana kwa zaidi kidogo ya nusu ya kimo chao kwa milimita 18: mstari mwembamba chini ya mbingu kubwa. Anayetaka ukubwa wa Ngong na atumie ile 55 aliyo nayo. (Uwanda nao hupendeza kwa pembe pana, ila sharti pawe na kitu karibu mbele: mgunga, jiwe, au ng'ombe mpole.)

Chumbani ndiko kazi yake. Katika sebule ya nyumba ya kupanga, mgongo umeegemea ukuta, huenda mita 3 tu zikamtenga na bibi harusi. Kwa milimita 18, kamera yake itachukua upana wa mita 3.7 hivi, kwa milimita 10, mita 6.7. Tofauti hiyo ndiyo mama, shangazi na somo waliokatwa nje ya picha.

Hesabu hii ni ya kamera ambazo kibao chake cha kupokea mwanga kina upana wa milimita 22 hivi. Muuzaji akiisifu lenzi ya milimita 24 kuwa ni pana, aulizwe kwa kamera gani. Kwa zile kubwa, zenye kibao cha milimita 36, ni kweli. Kwa ya binti huyu ni finyu kuliko aliyo nayo.

Kwa Canon ya namna hiyo ipo ya milimita 10 hadi 18, iliyotoka mwaka 2014, nyepesi, gramu 240. Nikon wanayo ya 10 hadi 20, ya mwaka 2017, lakini katika baadhi ya kamera zao za zamani haijilengi, basi ijaribiwe kwanza. Tokina ya 11 hadi 16 hufunguka hadi f/2.8, na kwa hivyo hupokea mwanga mara mbili na nusu kuliko lenzi ya f/4.5. Hiyo Canon hutuliza mtetemo wa mkono; haimtulizi mama anayecheza. Hata hivyo, kwa sebule yenye dari jeupe la kurudisha mwanga wa flashi, sisi twachagua Canon. Tokina tungempa wa kumbi za usiku.

Na nyuso zisiwekwe pembeni: hapo mashavu hutanuka, na hakuna mama atakayeshukuru. Aishike kamera sawasawa, na uso wa bibi harusi peke yake aupige kwa ile lenzi ya awali.

Akinunua iliyotumika, aimulike ndani kwa tochi ya simu. Nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu, maradhi ya lenzi zilizokaa katika unyevu wa kwetu Mwambao. Hiyo airudishe, hata bei ikiwa nusu.