Jinsi ya kubadili jina kwenye mkataba mzima bila kuchapa upya

Dar es Salaam. Kwenye steshenari za Kariakoo, mkataba wa pango la fremu mara nyingi hauandikwi upya. Unafunguliwa wa zamani, linabadilishwa jina la mpangaji, unaprintiwa. Balaa ni jina la zamani likibaki ukurasa wa tatu na mteja akasaini bila kuliona.

Kwenye Microsoft Word ya kompyuta, bonyeza Ctrl+H, kisha fuata hatua hizi:

1. Kopi jina la zamani kutoka kwenye mkataba wenyewe, lipesti kwenye 'Find what'. Ukilichapa kwa mkono, nafasi moja ikizidi au herufi ikikosewa, Word haitaliona.

2. Rudi ukakopi jina jipya, lipesti kwenye 'Replace with'. Fanya moja moja, maana ukikopi kitu kipya, cha mwanzo kinapotea.

3. Kama unabadili kifungu kirefu, kisanduku hicho kinabeba herufi 255 tu. Kopi kifungu chote, kisha kwenye 'Replace with' andika ^c. Word itaweka ulichokopi kama kilivyo, hata kama kina maandishi mazito, jedwali au nembo. Alama hiyo haifanyi kazi kwenye 'Find what'.

Kuwa makini na maneno mafupi. Februari 2021, Manispaa ya Ilala ilipandishwa hadhi na kuwa Jiji la Dar es Salaam. Mwenye barua za zamani anaweza kudhani kubadili 'Ilala' peke yake kunatosha. Hapana. Wilaya ya Ilala bado ipo, nayo ingefutwa jina. Isitoshe, ndani ya 'alilala' kuna 'ilala', hivyo 'mlinzi alilala' ingegeuka 'mlinzi alDar es Salaam'.

Dawa ni kukopi jina zima, 'Halmashauri ya Manispaa ya Ilala'. Kama ni neno moja, bonyeza 'More' halafu weka tiki kwenye 'Match case' na 'Find whole words only'.

Unatumia simu? Kwenye Google Docs gusa nukta tatu, chagua 'Find and replace'. Kukopi na kupesti ni kulekule, ila ^c huko haipo.

Usikimbilie 'Replace All'. Bonyeza 'Replace' moja moja ukisoma. Ukikosea kwenye kompyuta, Ctrl+Z inarudisha. Ukishasaini, hakuna Ctrl+Z.