Tetekuwanga si jambo dogo kwa mwenye figo ya kupandikizwa

Mzazi, mtoto wa jirani akitoka vipele vya tetekuwanga, wengi husema atajikuna wiki moja kisha atapona. Ni kweli kwa watoto wengi. Lakini kama nyumbani kwako kuna aliyepandikizwa figo, usisubiri.

Tangu Muhimbili ianze kupandikiza figo mwaka 2017, wagonjwa hawa tunao mitaani. Kila siku hunywa dawa za kupunguza nguvu ya kinga, ili mwili usiishambulie figo ngeni. Tatizo ni kwamba kinga hiyo hiyo ndiyo inayopambana na virusi. Ikilegea, tetekuwanga inaweza kufika kwenye mapafu au ini.

Mwenye tetekuwanga huanza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya vipele. Ukisikia mgonjwa wako alikaa naye, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Tiba ya kuzuia husaidia zaidi ikiwahiwa. Usimwachishe dawa za figo bila ushauri, anaweza kuipoteza.

Chanjo yenye virusi hai, kama ya surua, kwa kawaida hapewi baada ya kupandikizwa. Basi hakikisha ndugu zake wamechanjwa surua, wasimletee ugonjwa nyumbani.