Filamu na Kamera Ndogo ya Dijitali: Mwanga Unavyogeuka Kuwa Picha

Mwanafunzi, swali la kamera huwa na sehemu mbili. Kwanza unaambiwa uchore miale inavyopita kwenye lenzi, kisha ueleze kinachotokea miale hiyo inapotua ndani ya kamera. Ya kwanza wengi huiweza. Ya pili watahiniwa huimaliza kwa sentensi moja, "picha hutokea kwenye filamu", na alama zinapotelea hapo. Darasani somo hili unalisoma na kulijibu kwa Kiingereza. Hapa tunalieleza kwa Kiswahili ili ulielewe kwanza. Istilahi zake zimo kwenye daftari lako.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Uko Bariadi, mkoani Simiyu, msimu wa ununuzi wa pamba. Umeombwa umpige picha mkulima mmoja mzee akiwa amesimama mbele ya lundo la pamba yake kwenye ghala la AMCOS. Ni saa sita mchana, jua liko juu, naye amevaa kofia. Nyumbani kwake hakuna picha yake nyingine, na kesho anarudi kijijini. Mbele yako kuna kamera mbili: ya mkanda, ile ya milimita 35, na kamera ndogo ya dijitali inayoingia mfukoni. Utachukua ipi? Usijibu sasa. Mtu anayejibu "dijitali, kwa sababu ni ya kisasa" hapati kitu, na anayejibu "filamu, kwa sababu ndiyo ya wataalamu" naye hapati kitu.

Lenzi ni moja, uwanja ni tofauti

Kamera zote mbili zina lenzi mbinuko, na zote mbili hutengeneza taswira halisi, iliyopinduka, ndogo kuliko kitu chenyewe. Tofauti inaanzia kwenye ukubwa wa mahali taswira inapotua. Fremu moja ya filamu ya milimita 35 ina upana wa mm 36 na kimo cha mm 24. Sensa ya kamera ndogo nyingi za dijitali ina takriban mm 6.2 kwa mm 4.6, yaani ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo.

Sasa piga hesabu. Mzee ana kimo cha m 1.8 na amesimama m 3 kutoka kwenye lenzi. Kamera ya filamu ina lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 50. Kwa kanuni ya lenzi:

1/v = 1/f − 1/u = 1/50 − 1/3000 = 59/3000

Kwa hiyo v = mm 50.85. Ukuzaji ni v/u = 50.85/3000 = 0.017, na kimo cha taswira ni 1800 × 0.017, karibu mm 31. Ukiisimamisha kamera, mzee anaenea vizuri ndani ya mm 36.

Kamera ndogo, ili imwone mzee kwa upana uleule, inahitaji lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 9 hivi. Rudia hesabu: v = mm 9.03, ukuzaji ni 0.003, kimo cha taswira ni mm 5.4. Naye anaenea ndani ya mm 6.2.

Angalia jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Kutoka kwenye kitu kilicho mbali sana hadi kwa mzee aliye m 3, lenzi ya filamu inatakiwa kusogea mbele mm 0.85. Lenzi ya kamera ndogo inasogea mm 0.03 tu. Maana yake ni kwamba kwa kamera ndogo vitu vya karibu na vya mbali vyote huonekana karibu sawasawa kwa ukali, hata fokasi ikikosewa kidogo. Kwa picha ya kundi la watu kwenye harusi hiyo ni faida kubwa. Mpiga picha anayetaka uso uonekane wazi na mifuko ya nyuma ififie hukuta kamera hiyo inamkatalia.

Mwanga ukigonga filamu

Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini iliyochanganywa na fuwele ndogo sana za halidi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga ukigonga fuwele, elektroni huachana na ioni ya bromidi na kunaswa na ioni ya fedha:

Ag⁺ + e⁻ → Ag

Atomu chache za fedha zikikusanyika mahali pamoja kwenye fuwele, fuwele hiyo tayari imetiwa alama. Jicho halioni kitu. Hii ndiyo taswira fiche. Mkanda ukiingia katika dawa ya kusafishia, ndani ya giza, dawa hiyo hugeuza kuwa fedha fuwele zilizotiwa alama, fuwele nzimanzima. Kwa lugha ya Kemia, dawa ya kusafishia ni kikali cha upunguzaji: inatoa elektroni. Baada ya hapo mkanda huingia katika dawa ya kukazia, sodiamu thayosalfeti, ambayo huyeyusha bromidi ya fedha iliyobaki bila kuguswa na mwanga. Usiandike kwamba dawa ya kukazia ndiyo inayoleta picha. Kazi yake ni kuondoa kinachoweza kuiharibu picha mkanda utakapotolewa nje kwenye mwanga.

Matokeo ni negativu. Palipopata mwanga mwingi ni peusi kwa fedha, palipokosa mwanga ni peupe. Pamba ya mzee ni nyeusi kwenye negativu, na uso wake ni mwangavu. Filamu ya rangi hufuata njia hiyohiyo katika tabaka tatu, moja kwa mwanga wa bluu, moja kwa kijani, moja kwa nyekundu, ila mwishoni fedha huondolewa na kubaki rangi zilizotengenezwa pembeni yake.

Mwanga ukigonga sensa

Sensa ni kipande cha silikoni kilichogawanywa katika vyumba vidogo mno, kila kimoja kikiwa pikseli. Fotoni ikiingia, hung'oa elektroni kwenye silikoni, na chumba huzihifadhi hadi shata ifungwe. Kisha elektroni huhesabiwa na hesabu kugeuzwa kuwa namba. Katika picha ya kawaida kila rangi hupewa biti 8, yaani ngazi 2⁸ = 256, kuanzia 0 (giza) hadi 255 (mweupe kabisa). Sensa yenyewe haijui rangi. Juu yake kuna vichujio vidogo, nusu vya kijani, robo vyekundu, robo vya bluu, mpangilio alioubuni Bryce Bayer wa Kodak, na kompyuta ya kamera hukisia rangi zinazokosekana katika kila pikseli kwa kuangalia majirani zake.

Historia kwa ufupi, kwa kuwa huulizwa: Willard Boyle na George Smith walibuni sensa ya aina ya CCD mwaka 1969 nchini Marekani, wakapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijitali yenye pikseli 100 kwa 100, iliyotumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kampuni iliyoibeba kamera hiyo tumboni ndiyo iliyoomba kinga ya ufilisi mwaka 2012, biashara ya filamu ilipoporomoka.

Megapikseli zisikudanganye. Eneo la fremu ya filamu ni 36 × 24 = mm² 864. Eneo la sensa ndogo ni 6.2 × 4.6 = mm² 28.5. Gawanya: mara 30. Tundu la lenzi likiwa na namba ileile ya f na shata ikifunguka kwa muda uleule, kila milimita ya mraba hupata mwanga sawa, lakini sensa ndogo kwa jumla hupata sehemu moja ya thelathini. Ukiligawa eneo hilo dogo katika pikseli milioni 12, kila pikseli ina upande wa mikroni 1.5 hivi. Mchana haijalishi sana. Usiku, kwenye ngoma ya bugobogobo inayoangazwa na balbu moja, kila pikseli hupata fotoni chache mno na picha hujaa chengachenga za rangi. Kuongeza megapikseli kwenye sensa ileile ni kugawana ugali uleule kwa watu wengi zaidi. Ndiyo maana mwaka 2012 Sony walipotoa RX100, kamera ya mfukoni yenye sensa ya mm 13.2 kwa mm 8.8, wapiga picha makini waliishangilia: eneo lake ni mara nne ya zile ndogo.

Pamba nyeupe, uso mweusi

Tumrudie mzee. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo.

Kipima mwanga cha kamera hakijui pamba. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni cha kijivu. Kikiona lundo jeupe kinahisi mwanga umezidi, kinaupunguza, na pamba inatoka ya kijivu huku uso wa mzee, uliokwisha kuwa kwenye kivuli cha kofia, ukiwa mkaa. Wengi mmeona picha za aina hii na mkamlaumu mpiga picha, au mbaya zaidi, mkamlaumu mpigwa picha kwa weusi wake. Kosa ni la kipimo. Tena si la kipimo peke yake: kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zililinganisha rangi zao kwa kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi haikuwa sehemu ya hesabu.

Dawa ni kuongeza mwanga kuliko kipima kinavyotaka, ili uso uonekane. Je, pamba itastahimili? Kwenye sensa, chumba cha pikseli ni kama ndoo chini ya bomba. Ikijaa imejaa, maji yanayoongezeka yanamwagika. Pamba yote inafika 255 na nyuzi zake zinapotea katika kiraka kimoja cheupe. Hakuna programu ya kompyuta itakayozirudisha, kwa sababu hazikuandikwa. Ukikwepa hilo kwa kupunguza mwanga, uso unaangukia kwenye zile chengachenga.

Filamu ya negativu haijai kwa ghafla. Fuwele zake ni za ukubwa tofauti. Kubwa huathiriwa mapema, ndogo huchelewa, hivyo mwanga ukizidi weusi wa negativu huongezeka polepole na bado kuna fuwele zinazotofautisha nyuzi na nyuzi. Negativu ya rangi kwa kawaida huvumilia mwanga uliozidi mara nne na bado ikatoa picha nzuri. Lakini mwanga ukipungua, filamu haisamehi. Kwa hiyo, kwa filamu pima usoni. Kwa dijitali chunga weupe. (Filamu ya slaidi haimo katika kanuni hii, nayo huungua kama sensa.)

Ungekuwa na flashi? Flashi ya kamera ndogo husaidia uso ulio karibu. Kumbuka kanuni ya kinyume cha mraba: mzee akisimama m 4 badala ya m 2, anapata robo tu ya mwanga.

Baada ya shata

Kamera ya dijitali inakuonyesha picha palepale. Filamu inakuficha hadi mkanda usafishwe, na kwa miaka mingi mkanda wa rangi uliopigwa mji mdogo ulisafiri hadi mji mkubwa kwanza. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, na Hugo van Lawick, aliyeishi miaka mingi kambini Ndutu, jirani na Pori la Akiba la Maswa, walifanya kazi zao kubwa bila kuona walichokipiga. Walipima, wakaandika, wakapiga tena kwa tahadhari.

Joto na vumbi vya kiangazi huzitesa kamera zote. Mkanda uliosahaulika ndani ya gari juani hubadilika rangi kabla hata ya kupigwa. Kamera ndogo ina lenzi inayojitokeza na kujirudisha, na chembe moja ya mchanga yaweza kuikwamisha. Negativu iliyotunzwa pakavu huishi miongo mingi bila umeme. Faili halichakai, lakini lililo kwenye kadi moja tu hutoweka siku kadi inapoharibika. Liwekwe mahali pawili au zaidi, na picha ya mzee ichapishwe.

Gharama ihesabiwe kwa picha. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kamera ndogo ni shilingi 300,000, na kila picha ya filamu, ukijumlisha mkanda na kusafisha na kugawa kwa 36, ni shilingi 1,000. Kama kamera ya mkanda unayo tayari, dijitali inarudisha bei yake kwenye picha ya 300, karibu mikanda tisa. Mpiga picha wa harusi hufika huko upesi.

Sasa jibu. Kwa jua lile la saa sita na mzee asiyeweza kusogea, chukua filamu, pima usoni, piga fremu tatu. Akiweza kusogea hadi kivuli cha mwarobaini, au ukingoja saa kumi na moja jioni, tofauti ya pamba na uso inapungua hadi sensa inaimudu. Hapo kamera ndogo ni bora, kwa kuwa utaiona picha kabla mzee hajaondoka.

Jaribu

(a) Mzee anasogea hadi m 2 kutoka kwenye lenzi ya mm 50. Tafuta kimo cha taswira, kisha ueleze kama ataenea kwenye fremu ya mm 36.

(b) Mwanafunzi aliutoa mkanda kwenye dawa ya kusafishia na kuupeleka nje juani bila kuukazia. Eleza, kwa kutumia mlinganyo, kitakachotokea.

(c) Kamera mbili zina sensa zenye eneo sawa. Moja ina pikseli milioni 8, nyingine milioni 16. Ipi utaichukua kwa ngoma ya usiku, na kwa nini?