Masters ya Mekanika: Ni Masomo Gani, na Mtoto wa Mkimbizi Atafikaje?



Mwezi huu tunajibu swali ambalo sisi walimu wa kujitolea tunaulizwa sana: mtoto akipenda fizikia, mwisho wake ni wapi? Eti kuna watu wanasoma mpaka masters habari ya vitu kusukumwa na kuanguka? Ndiyo, wapo. Somo hilo linaitwa mekanika.

Tuchukue mfano wa Hamukungu, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa George, Kasese. Ikweta inapita karibu, na wengi wetu tumeona alama yake pale Kikorongo. Hapo dunia inazunguka kwa mwendo wa kilometa 1,670 hivi kwa saa, nasi tumo juu yake. Mzunguko huo unapunguza uzito kidogo. Mvuvi akitundika samaki kilo 100 kwenye mizani ya springi, kisha dunia iache kuzunguka, mizani ileile ingeongeza kama gramu 350. Sio uchawi, ni hesabu.

Tena kule Kayabwe, barabara ya Kampala kwenda Masaka, watalii wanaonyeshwa maji kwenye beseni. Upande huu wa Ikweta yanazunguka hivi, hatua chache upande wa pili yanageuka. Mekanika inasema hapana: karibu na Ikweta nguvu hiyo ya mzunguko wa dunia ni kama sufuri, na maji ya beseni yanafuata jinsi yalivyomwagwa. Nguvu yenyewe ipo, ila inaonekana kwenye dhoruba kubwa za baharini, mbali na Ikweta. Kijana aliyesoma hadanganywi.

Sekondari tunafundisha sheria za Newton, za mwaka 1687: tafuta nguvu, utajua mwendo. Kwenye masters wanaingia zaidi njia ya Lagrange ya mwaka 1788, inayoanza na nishati, na ile ya Hamilton wa Ireland ya miaka ya 1830. Njia hizo zinafika mpaka kwenye satelaiti na atomu.

Sasa, ngazi za kupanda ni hizi:

1. S.4, halafu S.6 yenye fizikia na hesabu. Mtoto akiacha hesabu S.5, mlango huu umefungwa.

2. Aliyemaliza sekondari Congo apeleke diploma yake UNEB ilinganishwe na ya Uganda. Kwa hiyo tutunze makaratasi, hata kwenye mfuko wa plastiki.

3. Digrii ya kwanza. Kuna msaada wa DAFI kwa wakimbizi, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani kupitia UNHCR. Huo ni wa digrii ya kwanza, sio masters.

4. Masters. Karibu nasi kuna chuo cha EAIFR mjini Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2018 ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, kinachofundisha fizikia vijana wa Afrika. Na chuo cha MIT cha Marekani kimeweka masomo yake bure kwenye intaneti, mekanika ikiwemo.

Njia ni ndefu, hatufichi. Pesa ni shida, na nafasi ni chache. Lakini wengi hawakwami Kigali, wanakwama hapa kwetu, siku mtoto anapoambiwa hesabu ni ngumu, au msichana anapoambiwa fizikia ni ya wavulana. Wazazi, hapo tusaidiane. Muhula huu, kabla mtoto hajachagua masomo, mje naye tuongee.

Haba na haba hujaza kibaba.