Kupiga Gitare kwa Mwendo Ulio Sawa

Watoto, mmekwisha kuwatazama mama wawili wakitwanga mihogo katika kinu kimoja? Mchi mmoja unapanda, wa pili unashuka. Michi haigongani hata kidogo, ingawa mama wenyewe wanaongea na kucheka. Lakini mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana na unga unamwagika. Kazi yao inakwenda vizuri kwa sababu kila mmoja analinda wakati wake.

Muziki ni vivyo hivyo. Kugusa uzi unaotakiwa hakutoshi. Lazima kuugusa kwa wakati wake.

Kijana mmoja wa mwaka wa sita alijua sana kupiga gitare. Kila jioni alikaa peke yake nyuma ya nyumba, akapiga, na majirani wakamsifu. Zilipobaki wiki tatu kabla ya sikukuu ya shule, wenzake wawili wakaja wapige pamoja naye. Mmoja alileta ngoma, mwingine chupa tupu na kijiti cha kuigongea. Basi, mambo yakaharibika. Mara gitare ilitangulia, mara ilibaki nyuma. Kijana akakasirika, akasema: «Ninyi hamjui kupiga!» Yule wa chupa akamjibu: «Ndugu, sisi hatukubadili mwendo. Ni wewe unayekimbia, kisha unasimama.»

Nani alisema kweli? Ni yule wa chupa. Mahali pepesi pa wimbo vidole vinakimbia kwa furaha. Mahali pagumu vinasita, vinatafuta nyuzi. Mpigaji mwenyewe hasikii kosa hilo, maana akili yake yote imo katika vidole. Anapopiga peke yake, hakuna wa kumwonyesha.

Kwa ajili ya shida hiyo watu walitengeneza chombo kiitwacho metronomu. Mwaka 1814, fundi mmoja aliyekaa Amsterdam, jina lake Winkel, aligundua njia ya kukitengeneza kiwe kidogo. Mwingine, jina lake Maelzel, akakiongezea kipimo cha namba, akajiandikishia haki ya chombo hicho Paris mwaka 1815. Mwaka 1817 Beethoven, mtungaji mkubwa wa muziki, alitangaza namba za mwendo wa simfoni zake nane, ili hata watu wa mbali wajue mwendo alioutaka.

Metronomu ya zamani ni sanduku dogo la mti, pana chini na jembamba juu. Mbele yake chuma chembamba kinakwenda kushoto na kuume, na kila mara kinalia: ta! ta! ta! Juu ya chuma hicho kuna uzito mdogo. Ukiupandisha, chuma kinakwenda polepole. Ukiushusha, kinakwenda upesi. Namba 60 maana yake mapigo 60 kwa dakika moja, yaani pigo moja kila sekunde. Siku hizi hata simu ya mkono yaweza kutoa mapigo hayo.

Je, huna metronomu wala simu? Usihuzunike. Tafuta kamba nyembamba na jiwe dogo. Funga jiwe kwenye kamba, ulitundike kwenye tawi, kisha ulisukume kidogo tu. Kila linapofika upande, wa kushoto au wa kuume, hesabu pigo moja. Pima kamba toka tawi mpaka katikati ya jiwe:

Kamba ya sentimita 100: mapigo 60 kwa dakika.
Kamba ya sentimita 73: mapigo 70.
Kamba ya sentimita 56: mapigo 80.
Kamba ya sentimita 44: mapigo 90.
Kamba ya sentimita 36: mapigo 100.
Kamba ya sentimita 25: mapigo 120.

Angalieni vizuri. Ili mapigo yawe mara mbili, kamba haikatwi nusu. Inabaki robo tu. Tena, jiwe likianza kuchoka na kwenda mwendo mfupi, wakati wake haubadiliki. Uzito wa jiwe nao haubadili kitu. Urefu wa kamba ndio unaotawala.

Lakini jiwe halina sauti. Basi mwenzako alitazame jiwe na kugonga chupa kila pigo. Asikutazame wewe, wala asikufuate! Rafiki mwema akiona unachelewa, anakungoja kwa huruma, na hivyo kosa lako linafichika. Jiwe halimngoji mtu.

Sasa fuateni njia hii:

1. Kabla ya kushika gitare, sikiliza mapigo. Piga makofi pamoja nayo mpaka huwezi kukosa.

2. Anza polepole sana. Mwendo unaofaa ni ule ambao hukosei hata mahali pagumu.

3. Chagua mahali unapochelewa, upapige peke yake mara nyingi. Kisha upaunge na sehemu iliyotangulia.

4. Ukimaliza wimbo mara tatu bila kosa, ongeza mwendo kidogo. Ukikosea, rudi nyuma. Hakuna aibu.

5. Mwishoni simamisha jiwe, upige bila msaada. Halafu lirudishe, uone kama bado mnakwenda pamoja.

Sharti la tano msilisahau. Metronomu ni kama fimbo ya mtu anayejifunza kutembea baada ya ugonjwa. Inamsaidia mpaka mguu upate nguvu, kisha inawekwa kando. Mapigo lazima yaingie mwilini mwako.

Msikilizeni Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya katika Katanga mwaka 1930, akafa mwaka 1990. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akashika sauti ya wimbo wake «Masanga» kwenye mashini. Kwa mkono wa kuume alitumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada, na asiyemwona angefikiri ni gitare mbili. Gumba lilikwenda juu ya nyuzi nene kama mtu atembeaye njiani bila haraka, na kidole cha pili kilicheza juu ya nyuzi nyembamba. Kama gumba lingeyumba, mchezo wote ungeanguka.

Na yule kijana wetu? Mwalimu wake alimtundikia jiwe kwenye mwembe. Siku ya kwanza alipiga kwa mapigo 60, naye aliona haya, maana watoto wadogo walimcheka. Siku ya tatu akatambua mwenyewe mahali alipokuwa akichelewa. Jioni ile alikwenda kwa yule wa chupa, akamwambia: «Ulisema kweli. Unisamehe.» Wakaendelea pamoja, wakifupisha kamba kidogo kidogo.

Siku ya sikukuu jiwe lilibaki kwenye mwembe. Gitare, ngoma na chupa zikaanza pamoja, zikaisha pamoja. Wazee waliokaa vitini wakainuka, wakacheza.

Maulizo

1. Kwa nini anayepiga peke yake hasikii kosa lake?
2. Kamba ya sentimita 56 inatoa mapigo mangapi kwa dakika?
3. Kwa nini mgonga chupa atazame jiwe, asimtazame mpiga gitare?
4. Kijana alimwomba nani msamaha? Kwa sababu gani?
5. Tengeneza jiwe la kamba ya sentimita 100. Hesabu mapigo yake kwa dakika moja, ukitazama saa.