Kuuza Sana Siyo Kupona: Somo Nililolipata kwa Aston Martin

Wanachuo wenzangu, muhula uliopita nilisimama mbele ya semina nikiwa na slaidi kumi na mbili na ujasiri mwingi. Tulipewa kazi ya kuchagua kampuni iliyowahi kuchungulia kaburi na kueleza kama imepona. Nikachagua Aston Martin, wale Waingereza wa magari ya James Bond. Niseme ukweli, sababu kubwa ni kwamba nayapenda magari yao. Nikaonyesha grafu: mwaka 2020 waliuza magari kama 3,400 tu, mwaka 2021 yakapanda hadi 6,178. Nikahitimisha kwa sauti nene, "Kampuni imepona."

Dokta akaniuliza maswali mawili tu: "Wameuza kwa nani? Na riba wanalipa kiasi gani?" Nikabaki namkodolea macho. Alama niliyopata sitaitaja hapa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba maswali yale nilitakiwa kuyajua tangu nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ndiyo yaliyoiua biashara ya vitenge ya mama yangu.

Kampuni iliyozoea kufilisika

Aston Martin ilianzishwa mwaka 1913 na Lionel Martin na Robert Bamford. Tangu hapo imefilisika mara saba. Mwaka 1947 tajiri wa gia na matrekta, David Brown, aliinunua kwa pauni 20,500, na zile herufi DB kwenye DB5 ni za jina lake. DB5 ndilo gari lililoonekana kwenye filamu ya Goldfinger mwaka 1964, likajulikana dunia nzima. Umaarufu huo haukusaidia hesabu. Mwaka 1972 Brown aliiachia kampuni ikiwa na madeni, ikaanza kupita mkono hadi mkono mpaka ikafika kwa Ford, ambao nao waliiuza mwaka 2007.

Oktoba 2018 ikaingia soko la hisa la London kwa pauni 19 kwa hisa. Kabla ya mwaka 2019 kwisha, zaidi ya theluthi mbili ya thamani hiyo ilikuwa imeyeyuka. Hapo ndipo alipoingia bilionea wa Kanada, Lawrence Stroll, mapema mwaka 2020, kwa mpango wa kuipatia kampuni kama pauni milioni 500. Na hapo ndipo grafu yangu ilipoanzia.

Swali la kwanza: umeuza kwa nani?

Ukisoma kwamba kampuni ya magari "imeuza" magari 6,000, mara nyingi maana yake imeyapeleka kwa mawakala. Kwa mteja ni hatua nyingine. Gari likishatoka kiwandani kwenda kwa wakala linahesabiwa kuwa limeuzwa, hata kama litakaa kwenye ukumbi wa maonyesho likipigwa vumbi miezi minane.

Kabla ya Stroll, mawakala walikuwa wamejazwa magari kuliko wateja waliokuwapo. Wakala akielemewa anapunguza bei. Bei ikipungua, yule aliyenunua mwaka jana kwa bei kamili anaona gari lake limeshuka thamani, na safari ijayo haji. Kwa bidhaa ya anasa hilo ni jeraha baya, maana mteja analipia pia uhakika kwamba si kila mtu anaweza kuipata. Kwa hiyo uongozi mpya ulipunguza kwa makusudi magari yanayopelekwa kwa mawakala ili yaliyopo yaishe kwanza. Kuanguka kwa mwaka 2020 kulitokana na korona, lakini pia na usafi huo. Na kupanda kwa 2021 kulitokana na kurudi kwenye hali ya kawaida pamoja na gari jipya, DBX, lile la juu juu la familia linalotengenezwa St Athan huko Wales, ambalo peke yake lilikuwa karibu nusu ya mauzo.

Sasa mama. Alikuwa anafuata vitenge Kariakoo, anawagawia akina mama wenzake kwa mali kauli: chukua, uza, uniletee hela. Kwenye daftari lake, pea ikitoka nyumbani ilikuwa imeuzwa. Mwezi mmoja aliandika pea themanini, tukapika pilau. Baadaye tukagundua zaidi ya nusu zilikuwa bado kwenye masanduku ya watu, na wengine wameanza kuziuza kwa bei ya kutupa. Wateja wake wa kila siku wakaanza kumuuliza, "Mbona kwa fulani ni rahisi?"

Swali la pili: riba kiasi gani?

Hapa ndipo palipo na ugonjwa wenyewe. Tazama hasara ya Aston Martin kabla ya kodi: mwaka 2022 ilikuwa pauni milioni 495, mwaka 2023 milioni 240, mwaka 2024 milioni 289. Katika miaka hiyohiyo waliuza magari 6,412, kisha 6,620, kisha 6,030. Yaani mwaka 2023, waliouza zaidi, bado walizama. Hasara ya 2022 ilikuzwa na pauni kushuka, kwa kuwa deni lao kubwa lilikuwa kwa dola, lakini mwelekeo unauona.

Mwishoni mwa 2024 deni halisi lilikuwa pauni bilioni 1.16 hivi. Hati za mkopo walizozitoa mwaka huo zilikuwa na riba ya asilimia 10 na kidogo. Fanya hesabu ya haraka haraka: asilimia 10 ya bilioni 1.16 ni milioni 116. Gawanya kwa magari 6,030, unapata kama pauni 19,000 kwa kila gari, kabla hujamlipa fundi wala kununua tairi. Linganisha na Ferrari: mwaka huohuo wa 2024 walipeleka magari 13,752 na kubaki na faida halisi ya euro bilioni 1.5, ambayo ni zaidi ya euro 110,000 kwa gari moja.

Mama naye, hela zilipokwama kwa watu, alikopa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Marejesho kila wiki. Kila pea iliyouzwa ilikuwa inalipa riba ya pea iliyotangulia. Siku walipokuja kuchukua friji na cherehani, daftari bado lilikuwa linaonyesha biashara inakwenda vizuri.

Je, itapona?

Upande wa matumaini upo. Magari yao ya barabarani yamefanywa upya karibu yote. Mercedes, ambao ni wanahisa, wanawapa injini, hivyo hawabebi peke yao gharama za kuunda kila kitu. Septemba 2024 walimleta Adrian Hallmark kutoka Bentley. Na wana Valhalla, gari la mseto wa petroli na umeme litakalotengenezwa 999 tu, kwa bei ya zaidi ya pauni 850,000. Magari ya namna hiyo ndiyo yenye faida nono.

Upande wa pili ni mzito. China imelegea, Marekani imepandisha ushuru wa magari kutoka nje tangu 2025, na gari lao la kwanza la umeme mtupu limeahirishwa zaidi ya mara moja. Kila mwaka mbaya unafuatiwa na kuchangisha mtaji upya. Maoni yangu: jina halitakufa, maana limefilisika mara saba na kila mara akatokea tajiri wa kulinunua. Lakini kampuni kujitegemea ni jambo lingine, na hilo litategemea kupunguza deni kuliko kuongeza magari.

Wengi wetu bumu likiingia tunafungua kabiashara: viatu, perfyumu, simu za mkononi. Usihesabu mzigo uliomgawia mtu wa bweni la pili kuwa umeuzwa. Na kabla ya kukopa, gawanya riba kwa idadi ya bidhaa uone inayobaki.

Mama siku hizi anauza pea chache, taslimu. Nilipompigia simu nikamsimulia habari za hawa Waingereza na magari yao, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hao nao wanarejesha kila wiki?"